Kompyuta ya Mkwaja huchaguliwa na fundi

Kila ninapokaa kwenye steshenari za ukanda wetu huu, kuanzia Ngamiani mjini Tanga hadi Pangani na ng'ambo ya mto kuelekea Mkwaja, nasikia swali moja likirudiwa. Mwalimu kaletewa laptopu na shemeji yake anayefanya kazi Muscat, au binti kanunuliwa mashine ya mtumba Kariakoo kwa ajili ya chuo. Anaiweka mezani. Mwenye duka haulizi imetengenezwa na nani wala ina kasi gani. Anauliza: "Ina Windows gani hiyo?" Akiambiwa ni Mac, anairudisha taratibu kwa mwenyewe. Akiambiwa ni Linux, anasema: "Basi iache hapa mwalimu, kesho utaikuta imeshapigwa Windows."

Wasomi wa mjini wana maelezo ya haraka juu ya jambo hili. Wanasema watu wa pwani ni wavivu wa kujifunza kipya, au hawajui kama kuna kingine duniani. Mimi nayakataa maelezo hayo. Mtu wa Mkwaja hajafunga ndoa na Windows. Aliyeshikamana naye ni fundi wake, na Windows imenufaika kwa kuwa ndiyo anayoijua fundi. Ushikamanifu huo una akili, na anayetaka kuubadilisha bila kuielewa akili hiyo atapoteza muda wake na fedha za wafadhili. Lakini una gharama pia, na tangu Oktoba 2025 gharama hiyo imepanda.

Fimbo ya mbali

Kwa asiyepajua, Mkwaja ni kijiji cha ufukweni kusini mwa Wilaya ya Pangani, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Eneo kubwa la iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja leo limo ndani ya hifadhi hiyo. Kompyuta huko utazikuta shuleni, kwenye ofisi za serikali, na kwa wachache wanaochapa barua na kutoa fotokopi. Ikiharibika mojawapo, safari yake ni ndefu: inafungwa kwenye mfuko, inapandishwa gari au bodaboda hadi Bweni, inavuka Mto Pangani, na ikishindikana Pangani mjini inaendelea hadi Tanga. Nauli imekwenda, siku imekwenda, na pengine fundi wa Tanga anasema kifaa kiagizwe Dar es Salaam.

Katika mazingira hayo, mnunuzi mwenye busara aangalie nini? Aangalie rangi za skrini? Aangalie wepesi wa mashine mkononi? Anaangalia nani ataifungua siku itakapozima. Wavuvi wa Kipumbwi na Mkwaja walishalijua hilo kwenye boti kabla ya kompyuta kufika. Wanaong'ang'ania mashine ya Yamaha hawakufika Japani kulinganisha viwanda. Spea zake zinapatikana na kila gati lina mtu anayeweza kuifungua akaifunga. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na nyoka wa kompyuta hungoja usiku wa kuamkia siku ya mtihani.

Tazama basi kile anachokijua fundi wetu. Anavijua virusi vinavyogeuza mafolda ya flashi kuwa njia za mkato, na anajua kuwa faili za mteja hazijafutwa, zimefichwa tu, na jinsi ya kuzirudisha. Ana flashi yake iliyojaa Windows, Office, draiva za printa na za mtandao. Anachomoa RAM kwenye Dell iliyokufa na kuipachika kwenye HP inayohema. Anabadilisha diski, kibodi, skrini, feni. Elimu hiyo hakuisomea darasani. Ameipata kwa kukaa miaka na fundi mwingine aliyemtangulia, na wote wawili walikuwa na mashine za aina moja mbele yao.

Urahisi huo wa kuchomoa hapa na kupachika pale una historia. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi Agosti 1981, iliijenga kwa vipuri vya kununuliwa: prosesa ya Intel, mfumo endeshi wa Microsoft. Na Microsoft ilibaki na haki ya kuwauzia wengine mfumo ule ule. Haikuchukua muda Compaq ikaja na mashine inayoendana na ya IBM, kisha wakafuata wengine wasiohesabika hadi Taiwan. Apple, waliotoa Macintosh Januari 1984, walichagua njia nyingine: mashine yao na mfumo wao vitoke mikononi mwao tu. Waliruhusu wengine kuitengeneza kwa muda mfupi katikati ya miaka ya 1990, kisha wakaufunga mlango huo. Leo kumbukumbu ya MacBook imechomelewa kwenye mazabodi. Ni mashine nzuri, sina ugomvi nayo, na mwenye uwezo anayeishi karibu na watu wanaoijua ana haki ya kuipenda. Lakini bisibisi ya fundi wa Pangani haiifikii.

Mlango uliofungwa

Kuna sehemu ya historia hii inayotuhusu sisi wenyewe, na huwa haitajwi. Tanzania ilipata kompyuta mapema. Mwaka 1965 Hazina ilifunga mashine ya ICT 1500 kutoka Uingereza. Kisha mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na uzoefu wa kutumia mashine hizo serikalini ulikuwa umeleta hasara na malalamiko. Uamuzi ulikuwa na sababu zake, na sitaki kuwahukumu waliokuwa na nchi ya kulisha. Lakini hebu tuangalie kilichofuata.

Miaka ile ile ambayo vijana wa Marekani na Ulaya walikuwa wakichezea Apple II, Commodore na mashine nyingine chungu nzima, kila kundi na mapenzi yake na ubishi wake, sisi tulikuwa nje ya mlango. Mlango ulipolegezwa miaka ya 1980 na kufunguka zaidi miaka ya 1990, ushindani ule ulikuwa umekwisha. Zilizoingia kwa wingi zilikuwa mashine za ukoo wa IBM, mpya na za mtumba, kwa sababu ndizo zilizojaa kwenye maduka ya dunia na ndizo zilizokuwa nafuu. Mafundi wa kwanza walijifunzia hizo, na wanafunzi wao vivyo hivyo. Mkwaja haikuwahi kupewa kura katika uchaguzi huu. Tunawezaje leo kumlaumu mtu wa kijijini kwa kumchagua mshindi, wakati alikuta jina moja tu kwenye karatasi?

Kinachomfunga mtu ni kazi yake

Fundi ni kamba ya kwanza. Kamba ya pili ni programu moja ambayo mtu hawezi kula bila hiyo. Mwenye duka la jumla Tanga ambaye hesabu zake za miaka zimo ndani ya Tally hawezi kuhamia Mac hata umpe bure, kwa kuwa Tally hufanya kazi juu ya Windows. Vijana wanaotengeneza midundo ya singeli, wengi wao kwa FL Studio, walikuwa na hali hiyo hiyo: programu hiyo haikuwa na toleo rasmi kamili la Mac hadi mwaka 2018. Kijana aliyejifunza kabla ya hapo alikuwa anaipenda FL Studio, na Windows ikaja kama mkokoteni ulioibeba. Mhariri wa video za harusi aliyezoea Final Cut naye kafungwa upande wa pili, kwenye Mac, kwa kamba ya aina ile ile.

Na mwalimu je? Mwalimu anafungwa na mtihani. Shule zinapofanya mitihani ya ujirani mwema, karatasi huandikwa shule moja, husafiri kwa flashi au WhatsApp, na huchapwa kwingine. Imeandikwa kwa Word, kwa fonti ya Calibri. Ukiifungua kwenye mashine ya Linux isiyo na fonti hiyo, mistari inasogea, jedwali linavunjika, swali la tano linakatwa katikati na majibu yake yanahamia ukurasa wa pili. Karatasi iliyokuwa ya kurasa nne inakuwa ya tano. Zidisha ukurasa huo mmoja kwa wanafunzi wote wa kidato, na kumbuka kuwa fedha ya fotokopi imechangwa na wazazi. Mwalimu atajaribu mara moja, ataona aibu mbele ya wenzake, hatajaribu tena.

Dawa ya tatizo hilo ipo, na haina bei. Kuna fonti iitwayo Carlito iliyotengenezwa kwa makusudi iwe na vipimo sawasawa na vya Calibri, na ukiiweka, mistari mingi inabaki mahali pake. Karatasi isiyohitaji kuhaririwa tena inaweza kutumwa kama PDF, na haitasogea popote. Fundi anayejua mambo hayo mawili anamwondolea mwalimu nusu ya hofu yake. Lakini nani amemfundisha fundi?

Jambo OpenOffice na somo lake

Hapo ndipo ninapoikumbuka Jambo OpenOffice kwa uchungu. Mwishoni mwa mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux, pamoja na washirika kutoka Uswidi, kilitoa programu ya ofisi iliyo kwa Kiswahili kabisa: menyu, maagizo, maonyo, vyote. Ilikuwa ya bure, halali kunakili na kugawa. Ilikuwa kazi kubwa, iliyofanywa na watu waliotupenda. Mwaka ule ule Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, mfumo wa bure wa ukoo wa Linux, na kwa miaka kadhaa ungeweza kuletewa CD zake kwa posta bila kulipa hata senti. Microsoft nao baadaye wakatoa kifurushi cha Kiswahili cha Windows na Office.

Jambo OpenOffice na Ubuntu: vitu viwili vya bure, na kimoja kati yake cha lugha yetu. Kwa hesabu za darasani, Windows ya Kiingereza ingepaswa kutikisika katika vijiji vyetu. Haikutikisika. Sijawahi kuikuta Jambo OpenOffice kwenye meza ya steshenari hata moja ya pwani hii.

Kwa nini? Wengine walisema Watanzania wamezoea Kiingereza cha kompyuta. Kuna ukweli hapo: aliyejifunza kubofya "File" kisha "Save" hujiona mgeni akikutana na maneno mengine. Lakini naona sababu kubwa zaidi. Programu ilikuja, mwenyeji wa kuipokea hakuandaliwa. Vyeti vya kozi za kompyuta viliendelea kuandika Word, Excel na PowerPoint. Matangazo ya kazi yaliendelea kudai Microsoft Office. Na fundi wa mtaani, ambaye ndiye mwenye flashi, hakuitwa kwenye semina. Walioitwa walikuwa maofisa, kama kawaida yetu. Mzazi anayelipia kozi ya mwanawe anataka cheti kitakachosomwa na mwajiri. Usiache mbachao kwa msala upitao: mzazi yule hakuusahau huo msemo, na mimi nisingemshauri ausahau.

Simu imetoa ushahidi

Asiyeamini kuwa tatizo si uzito wa vichwa, aangalie simu. Simu janja nyingi mikononi mwa watu wetu, Tecno, Infinix na itel, zinaendeshwa na Android, na Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Bibi wa Mkwaja anayepokea sauti ya mjukuu wake kwa WhatsApp anatumia Linux kila siku bila kuhudhuria semina. Alijifunza vipi? Mjukuu alikuwepo, jirani alikuwepo, na fundi simu ana meza yake chini ya mwembe au kwenye kibanda cha wakala wa fedha. Kila tatizo lilipata wa kulitatua ndani ya saa moja na kwa lugha yake.

Mambo mengi ya karatasi nayo yamehamia kwenye kivinjari. Anayeomba kazi serikalini huingia Ajira Portal. Anayeomba mkopo wa chuo huingia kwenye mfumo wa HESLB. Mwenye biashara husajili jina lake BRELA kwa mtandao. Kurasa hizo hazijali kama chini yake kuna Windows, Mac au Linux. Kamba zilizotufunga zimelegea zaidi ya tunavyodhani.

Bili inaletwa nyumbani

Sasa niseme gharama. Windows halali huuzwa Marekani kwa dola 139 kwa toleo la nyumbani, ambazo kwa shilingi zetu ni zaidi ya laki tatu. Mwenye steshenari ya kijijini hawezi kuzitoa, na haambiwi azitoe. Anapigiwa ya kuvunjwa kufuli kwa ujira mdogo wa fundi. Kila mtu anaona imekwisha hapo. Haijaisha. Windows ya namna hiyo mara nyingi imezimwa masasisho yasije yakaibaini, na programu iliyovunja kufuli imetoka pasipojulikana. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga mashine katika nchi nyingi na kudai fidia, kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walikuwa wamelitolea kiraka tangu Machi. Waliosasisha walikuwa na kinga. Ambao mashine zao zilikuwa zimezimwa masasisho hawakuwa nayo.

Familia hulipa bili hii kwa vipande, na ndiyo maana haionekani. Hesabu za kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa zinapotea, na wanachama wanaanza kutazamana vibaya. Picha za marehemu baba zilizokuwa kwenye flashi moja tu zinaliwa. Tasnifu ya mtoto aliye chuo inafungwa wiki ya kuikusanya. Kila mara fundi anaitwa, kila mara Windows inapigwa upya, na kila mara kinacholipwa ni fedha ya samaki, ya nazi, ya mboga.

Na Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane na kuendelea. Sasa zitazame laptopu za mtumba zilizojaa mashuleni na majumbani kwetu, zile HP EliteBook na Dell Latitude za kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Hazikidhi. Ni nzima, zinawaka, kibodi ni imara kuliko za mashine mpya za bei ndogo, lakini mtengenezaji wa mfumo amezipa kisogo. Mwenye mashine ya nyumbani anaweza kujiandikisha aendelee kupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026, iwapo ana akaunti ya Microsoft. Nani amemweleza hayo mwalimu wa Mkwaja?

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, wazee walisema, na kwa miaka mingi hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Ila zimwi hili sasa linatuambia tununue mashine nyingine au tukae bila ulinzi. Kwa kaya inayojinyima ili kupata laptopu moja ya mtumba, hayo ni maneno mazito.

Fundi aitwe kwanza

Siombi kijiji kizima kihamie Linux mwezi ujao. Anayeshauri hivyo hajawahi kusubiri gari la Pangani na kompyuta mbovu mapajani. Mwenye Tally abaki na Windows yake, aiweke mbali na flashi za wapita njia. Anayenunua sasa Kariakoo aulize kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei, na asikubali jibu la "hii ni kali, kaka".

Kwa mashine za zamani ambazo kazi yake ni kuchapa, kusoma na kuingia mtandaoni, Linux Mint, mmoja wa mifumo ya bure ya Linux, inatosha na inazidi. Hatua ya kwanza hata haihitaji kuiondoa Windows: weka LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, pembeni ya Office, ongeza Carlito, mwalimu aandike mtihani mmoja na auchape kwa printa ile ile ya siku zote. Akiona karatasi imetoka na kurasa nne, hofu imeanza kushuka. Hapo ndipo mfumo wenyewe ubadilishwe, na fundi akiwa pale pale.

Na fundi ndiye ninayemwombea. Halmashauri ya Pangani inapoweka kompyuta shuleni, iweke pia fedha ya kuwafunza mafundi wa mtaani, wale wasio na cheti, wenye vibanda. Chuo cha ufundi cha VETA Tanga kina uwezo wa kuwapokea kwa kozi fupi: kupiga Mint, kutafuta draiva za printa, kuokoa faili za diski inayokufa, kuhamisha barua za mteja bila kuzivuruga. Mafundi wawili wa Pangani mjini na mmoja wa ng'ambo ya mto, anayefikika kutoka Mkwaja bila kuvuka maji, watafanya kazi ambayo CD zote za mwaka 2004 hazikuifanya. Mwaka mpya wa fedha wa halmashauri unaanza Julai mosi, na masasisho ya Windows 10 kwa mashine za nyumbani zilizoandikishwa yanakoma Oktoba 13, 2026. Madiwani wana miezi mitatu na siku kadhaa katikati ya tarehe hizo mbili, na kasma ninayoiomba ni ndogo kuliko bei ya maabara moja ya kompyuta itakayokaa imefungwa kwa kukosa mtu wa kuiwasha.